Baiskeli ya mkanda: kuitunza na kuyatambua maradhi yake

Makala yetu ya leo imetokana na barua pepe ya msikilizaji wetu mmoja anayeishi katikati ya mji wa Durban nchini Afrika Kusini. Ndugu yetu huyu, ambaye ni mzaliwa wa Uvira huko mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, anafanya kazi ya ulinzi wa usiku katika jengo moja lililo karibu na mlango wa mto uMngeni. Makazi yake yako katika mtaa wa Albert Park, na kila jioni husafiri kiasi cha kilomita 7 kwa baiskeli ili afike kazini kabla ya saa 12. Anasema kuwa nauli ya mabasi madogo ingemmalizia sehemu kubwa ya mshahara wake, na kwamba mlinzi anayechelewa mara kwa mara hunyang'anywa zamu.

Baiskeli yake si ya kawaida. Aliinunua ikiwa imetumika, kutoka kwa mwanafunzi wa kigeni aliyekuwa akirejea kwao, na badala ya mnyororo ina mkanda mweusi wenye meno. Kwa muda wa miezi 8 haikumsumbua hata siku moja. Kisha gurudumu la nyuma likapata pancha karibu na masoko ya Warwick. Fundi wa kando ya barabara akaliziba tundu, akalirudisha gurudumu na kuurudisha mkanda, na kazi ikaisha kwa dakika 20. Tokea siku hiyo, anasema msikilizaji wetu, kila anaposimama juu ya pedeli ili kuongeza nguvu, husikia kishindo na mguu wake huteleza. Jioni moja katika barabara ya Anton Lembede, ambayo hadi mwaka 2008 ilikuwa ikijulikana kwa jina la Smith Street, nusura aanguke mbele ya basi dogo lililokuwa limejaa abiria.

Anatuuliza maswali matatu. Je, baiskeli yake ina ugonjwa gani? Je, mkanda huo unaweza kupakwa mafuta au kuungwa? Na je, aiuze na kununua baiskeli ya mnyororo? Kwa kuwa baiskeli za namna hii zimeanza kuonekana katika miji mingi wanakoishi wasikilizaji wetu, tumeona ni vyema kuyajibu maswali hayo kwa ukamilifu, na kwa mpangilio ambao mtu yeyote mwenye baiskeli kama hiyo anaweza kuufuata.

(Muziki)

Naam wapenzi wasikilizaji, kabla ya kuutafuta ugonjwa ni vizuri kuujua mwili wenyewe. Mnyororo tunaoujua sote una umri wa zaidi ya karne moja. Mwaka 1880 Hans Renold alibuni mjini Manchester, Uingereza, mnyororo wa vipingili vyenye vigurudumu vidogo ndani yake, na mwaka 1885 John Kemp Starley akatoa baiskeli yake iliyoitwa Rover, ambayo mnyororo wake uliendesha gurudumu la nyuma. Tangu wakati huo umbo la baiskeli halijabadilika sana. Baiskeli za Phoenix, Hero na Raleigh zinazobeba mikungu ya ndizi, magunia ya mkaa na abiria kuanzia Kigoma hadi Busia zote ni wajukuu wa baiskeli hiyo.

Mkanda nao si jambo jipya kabisa. Kampuni ya Bridgestone ya Japani iliuza baiskeli za mkanda katika miaka ya 1980, na mwaka 1987 baiskeli ya kukunjwa iitwayo Strida ilitolewa nchini Uingereza ikiwa na mkanda. Hata hivyo, aina inayoonekana zaidi hivi leo ilianza kuuzwa mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii na kampuni ya Gates ya mjini Denver, Marekani, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitengeneza mikanda ya injini za magari. Wale miongoni mwenu waliowahi kufanya kazi gereji wataufananisha mara moja na ule mkanda wa taimingi ulio ndani ya injini.

Mkanda huo umeundwa hasa kwa vitu viwili. Nje kuna plastiki ngumu inayonyumbulika iitwayo poliurethani. Ndani yake zimelazwa nyuzi nyembamba za kaboni zinazozunguka mkanda mzima, na nyuzi hizo ndizo zinazobeba nguvu zote za miguu ya mwendeshaji. Mkanda hauna kiungo wala pingili. Ni duara moja lisilokatwa. Kwa sababu hiyo, fremu ya baiskeli ya mkanda huwa na mahali panapofunguka upande wa nyuma, ili mkanda upitishwe. Baiskeli ya kawaida ambayo fremu yake haifunguki haiwezi kufungwa mkanda, isipokuwa fremu yenyewe ikatwe na kuundwa upya.

Sifa za mkanda zinafahamika upesi na mtu anayeishi katika mji kama Durban. Mji huo uko kando ya Bahari ya Hindi, na hewa yake ina unyevu na chumvi. Mnyororo ulioachwa siku chache bila mafuta katika hewa hiyo hubadilika rangi na kuwa mwekundu kwa kutu, jambo ambalo wakazi wa Mombasa, Tanga, Zanzibar na Maskati hawahitaji kuelezwa. Mkanda haupati kutu, hauhitaji mafuta, hauchafui suruali na hautoi sauti. Aidha, ukitunzwa vyema, huishi muda mrefu kuliko mnyororo, mara nyingi mara 2 au zaidi.

Lakini la kutiliwa maanani ni kwamba nyuzi za kaboni zina nguvu kubwa zinapovutwa, na ni dhaifu mno zinapokunjwa. Mfano wake ni chelewa kavu ya mnazi. Ukiivuta kwa mikono miwili utachoka kabla haijakatika, lakini ukiikunja kwa vidole viwili huvunjika hapo hapo. Tofauti ni kuwa chelewa ikivunjika unaiona, ilhali uzi wa kaboni huvunjika ndani ya plastiki, na mkanda ukabaki unaonekana mzima. Huenda ukafanya kazi kwa wiki kadhaa, kisha ukakatika ghafla siku ambayo mwendeshaji anaukanyaga kwa nguvu zaidi.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha barua ya ndugu yetu wa Durban. Fundi aliyemzibia pancha hakuwa mzembe. Inaelekea alifanya kile ambacho kila fundi hufanya kwa mnyororo, yaani alifunga gurudumu kwanza, akaushika mkanda kwenye meno machache ya sproketi, kisha akazungusha pedeli ili mkanda upande wenyewe. Mnyororo huvumilia jambo hilo bila ya tatizo. Mkanda ukifanyiwa hivyo hupindishwa ubavu, na nyuzi za upande mmoja huvutwa kupita kiasi. Vivyo hivyo mkanda unapong'olewa kwa ncha ya bisibisi. Kwa hiyo, dalili zake zinaweza kuwa zimetokana na mambo matatu: ama mkanda umelegea, ama waya wa gia umerudishwa vibaya, ama mkanda wenyewe umeumia. Mambo hayo yanachunguzwa kwa kufuata utaratibu, tukianza na lile lililo jepesi.

(Muziki)

Wapenzi wasikilizaji, hatua ya kwanza ni kujua kama kishindo hicho kinatoka kwenye mkanda au ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Baiskeli nyingi za mkanda hazina zile sproketi nyingi zilizopangwa nyuma na kifaa cha kuhamisha mnyororo, kwa kuwa mkanda hauwezi kuhamishwa kutoka sproketi moja hadi nyingine. Badala yake gia zimefichwa ndani ya kitovu, na waya mmoja kutoka kwenye usukani ndio unaozichagua. Gurudumu la nyuma linapotolewa, waya huo nao hufunguliwa. Ukirudishwa ukiwa umelegea au umekaza kupita kiasi, gia huteleza.

Njia ya kutofautisha ni hii. Panda baiskeli mahali pasipo na magari, na ujaribu kila gia kwa zamu huku ukikanyaga kwa nguvu ya wastani ukiwa umeketi. Iwapo utelezi hutokea katika gia moja au mbili tu, ugonjwa uko kwenye waya wa gia. Iwapo hutokea katika gia zote, ugonjwa uko kwenye mkanda. Kwa vitovu vya Shimano vyenye gia 8, tiba ya waya ni rahisi: weka gia namba 4, kisha tazama mistari 2 ya rangi ya njano iliyo kwenye kitovu, karibu na mahali waya unapoingia. Mistari hiyo inatakiwa ikabiliane sawasawa. Kama haikabiliani, zungusha ile nati ndogo ya kurekebishia waya iliyo kwenye usukani mpaka ikabiliane. Kazi hiyo haihitaji spana yoyote.

Hatua ya pili ni kupima mkazo wa mkanda. Jambo hili ndilo linaloutenganisha zaidi mkanda na mnyororo. Pingili za mnyororo huzama ndani ya meno ya sproketi, hivyo mnyororo uliolegea kidogo hupiga kelele tu na kuendelea na kazi. Meno ya mkanda ni mafupi na hushikiliwa mahali pake na mkazo peke yake. Mkazo ukipungua, meno hupanda juu ya sproketi na kuruka, na kila yanaporuka nyuzi za ndani hupata mshtuko. Kwa upande mwingine, mkanda uliokazwa kupita kiasi hufanya pedeli ziwe nzito na hula gololi za kitovu na za ekseli ya pedeli kabla ya wakati wake.

Kuna njia mbili za kupima. Ya kwanza ni ya kidole. Bonyeza kwa kidole katikati ya sehemu ya juu ya mkanda, kati ya sproketi ya mbele na ya nyuma, kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 3 hivi. Mkanda unatakiwa kushuka kiasi cha sentimita 1. Ukishuka sentimita 2 au zaidi umelegea, na usiposhuka kabisa umekazwa mno.

Njia ya pili ni ya sikio, na huenda ikawapendeza wapenzi wa muziki. Mkanda uliokazwa ni kama kamba ya gitaa. Ukiupiga kwa kidole hutoa sauti, na jinsi unavyokazwa ndivyo sauti inavyopanda. Watengenezaji hutaja kiwango cha mkazo kwa hertz, yaani idadi ya mitetemo katika sekunde moja, na kwa baiskeli yenye gia ndani ya kitovu kiwango hicho huwa baina ya 35 na 50. Kuna programu za simu ya mkononi zinazosikiliza mlio huo na kuonyesha namba yake kwenye kioo. Asiye na programu hiyo anaweza kukumbuka kwamba kamba nene kabisa ya gitaa, ikipigwa wazi, hutetema mara 82 kwa sekunde. Mlio wa mkanda unatakiwa uwe mzito zaidi ya huo, mzito kama wa gitaa la besi. Ukiwa mkali kama wa kamba hiyo ya gitaa, basi mkanda umekazwa kupita kiasi. Usipotoa mlio wowote wa kueleweka, bali ukatikisika tu, umelegea.

Vipimo hivyo virudiwe mara 4, kila mara pedeli zikiwa zimezungushwa robo duara. Sababu ni kwamba sproketi hazikai katikati kwa ukamilifu, hivyo mkazo hupanda na kushuka kidogo katika kila mzunguko. Kipimo cha kufuata ni kile cha mahali mkanda unapokaza zaidi.

Ama namna ya kurekebisha, hutegemea fremu. Katika baiskeli nyingi, mahali ekseli ya nyuma inapokaa huweza kusogezwa, na kuna skrubu 2, moja kila upande, za kulisukuma gurudumu nyuma. Legeza nati za ekseli, kisha zungusha skrubu hizo kwa kiasi kilicho sawa, robo mzunguko upande huu na robo mzunguko upande ule, huku ukipima. Tazama pia kama tairi liko katikati ya fremu. Mkazo ukiwa sawa, kaza nati barabara na upime tena, kwa sababu mara nyingi kukaza nati hulisogeza gurudumu kidogo. Katika fremu nyingine gurudumu halisogei, bali ekseli ya pedeli imewekwa ndani ya kikombe kisicho na kitovu katikati, na kukizungusha kikombe hicho ndiko kunakokaza mkanda.

Hatua ya tatu ni kuangalia unyoofu. Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedeli mbele polepole, na utazame kutoka nyuma jinsi mkanda unavyotembea. Mkanda unatakiwa kukaa mahali pamoja. Katika aina yenye mfereji katikati, mfereji huo hupita juu ya ukingo wa sproketi bila ya kuusugua. Mkanda ukielekea upande mmoja na kulia kama panya, ama gurudumu limekaa upande, ama sproketi ya mbele na ya nyuma haziko katika mstari mmoja. Tofauti ya milimita chache tu yatosha kuuchosha mkanda upande mmoja.

Hatua ya nne, na iliyo muhimu zaidi kwa usalama wa ndugu yetu, ni kuuchunguza mkanda wenyewe. Uoshe kwanza, uufute, kisha upitishe kidole taratibu kwenye mgongo wake, katika mzunguko mzima, mchana kweupe. Tafuta mstari wa kukunjika unaokatiza mgongo, uvimbe, ufa baina ya meno, jino lililong'oka, au nyuzi nyeusi zilizochungulia nje kwenye kingo. Usiukunje ili kuona kama kuna ufa. Kufanya hivyo ndiko kunakouvunja. Hali kadhalika tazama meno ya sproketi. Yakiwa yamechongoka na kuinama upande mmoja kama pezi la papa, sproketi imekwisha, na mkanda mpya utakaofungwa juu yake utaharibika upesi.

Mkanda wenye dalili yoyote kati ya hizo haufai tena. Hauungwi, haushonwi, haugandishwi kwa gundi. Na iwapo dalili hazionekani, lakini mkanda umewahi kuruka mara nyingi mfululizo, uhesabiwe kuwa ni mgonjwa ambaye bado anatembea. Rekebisha mkazo, endesha ukiwa umeketi, usisimame juu ya pedeli kwenye barabara yenye magari, na utafute mkanda mwingine bila ya kusubiri huo ukatike.

(Muziki)

Wapenzi wasikilizaji, sasa tugeukie swali la pili, yaani kama mkanda hupakwa mafuta. Jibu ni kuwa haupakwi. Mafuta ya mnyororo na grisi hushika mchanga, na mchanga huo husaga meno na sproketi kama msasa. Vilevile dawa kali za kusafishia injini, petroli na mafuta ya taa zisiukaribie. Kinachohitajika ni maji na brashi laini, na ikibidi sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, kisha kusuuza. Bomba la maji yenye msukumo mkubwa lisielekezwe kwenye kitovu, kwani husukuma maji na mchanga hadi ndani kwenye gia.

Mtu anayepita kila siku kwenye barabara ya waenda kwa miguu ya ufukwe wa Durban, ambayo tangu mwaka 2019 inaenea kwa takriban kilomita 8 hadi kwenye mlango wa bandari, atakutana na mchanga unaopeperushwa na upepo wa baharini. Mchanga huo ndio sababu kuu ya mkanda kulia. Mara nyingi kumwagia maji kutoka kwenye chupa ya kunywa hutosha kuunyamazisha. Ukiendelea kulia baada ya kuoshwa, na unyoofu ukiwa sawa, wapo wanaopuliza silikoni kavu kidogo kwenye meno ya mkanda. Jambo hilo linaruhusiwa, kwa sharti kwamba hata tone moja lisifike kwenye breki.

Kwa ujumla matunzo ni machache. Kila wiki, osha na utazame. Kila mwezi, na kila baada ya gurudumu la nyuma kutolewa, pima mkazo na kaza nati. Kwa upande wa kitovu, fuata maelekezo ya mtengenezaji wake, kwani baadhi hutaka mafuta yao ya ndani yabadilishwe. Rohloff ya Ujerumani, kwa mfano, hutaka yabadilishwe kila kilomita 5,000 au angalau mara moja kwa mwaka.

Ama kuhusu pancha, ambayo ndiyo iliyoanzisha matatizo yote haya, mwenye baiskeli anapaswa kujua utaratibu wake na kusimama karibu na fundi hadi mwisho. Fungua waya wa gia. Legeza nati za ekseli na skrubu za mkazo, halafu sukuma gurudumu mbele mpaka mkanda ulegee kabisa. Hapo mkanda utatoka kwa mkono, bila chuma chochote. Wakati wa kurudisha, uvishe mkanda kwenye sproketi zote mbili ukiwa bado umelegea, ndipo uvute gurudumu nyuma, upime mkazo na kukaza. Anayetaka fundi asisahau anaweza kumwambia sentensi moja tu: mkanda huu huvishwa ukiwa umelegea, haupandishwi kwa pedeli. Na kama tundu linaonekana, njia bora zaidi ni kutolitoa gurudumu kabisa. Toa tairi upande mmoja, vuta tyubu nje mahali penye tundu, liziba, na urudishe.

Sasa tufikie swali la tatu, ambalo bila shaka ndilo zito kuliko yote: je, aiuze? Ni kweli kwamba mnyororo una sifa moja ambayo mkanda hauna. Popote pale Afrika, hata katika kijiji kisichokuwa na umeme, yupo mtu anayeweza kuunga mnyororo uliokatika kwa msumari na jiwe. Mkanda uliokatika usiku hauna tiba barabarani. Zaidi ya hayo, bei ya mkanda mpya ni mara kadhaa ya bei ya mnyororo wa kawaida, na si kila duka la baiskeli huwa nao. Durban ni mji wenye wapenda baiskeli wengi. Kila mwaka katika mwezi wa Oktoba maelfu ya waendeshaji hushiriki katika mbio za Amashova kutoka Pietermaritzburg hadi huko. Pamoja na hayo, mkanda wa urefu fulani huenda ukalazimika kuagizwa kutoka mbali na kusubiriwa kwa wiki kadhaa, na mlinzi wa usiku hana wiki za kusubiri.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Andika sasa hivi, kabla ya lolote kutokea, aina ya mkanda na idadi ya meno yake. Kwa kawaida namba hiyo imechapishwa kwenye mgongo wa mkanda. Ikiwa imefutika, weka alama ya chaki kwenye jino moja na uhesabu meno yote hadi urudi kwenye alama. Katika mikanda mingi ya Gates, umbali kutoka jino moja hadi jingine ni milimita 11, hivyo mkanda wenye meno 118 una urefu wa milimita 1,298. Hata jino moja la ziada linaweza kufanya mkanda usikazike. Hesabu pia meno ya sproketi ya mbele na ya nyuma. Kwa namba hizo tatu, duka lolote duniani linaweza kukuuzia kitu sahihi.

Kisha weka akiba kidogo kidogo mpaka ununue mkanda wa pili, na uuhifadhi nyumbani ukiwa katika duara lake pana, mbali na jua, bila ya kuukunja, kuufunga fundo au kuuning'iniza kwenye msumari. Wahenga walisema akiba haiozi, na mkanda huu haupati hata kutu.

Iwapo mkanda mpya haupatikani au bei yake haivumiliki, bado hakuna haja ya kuiuza baiskeli nzima kwa hasara. Ingawa baiskeli ya mnyororo kwa kawaida haiwezi kugeuzwa kuwa ya mkanda, ya mkanda mara nyingi inaweza kugeuzwa kuwa ya mnyororo. Fremu ni ile ile na kitovu ni kile kile. Kinachobadilishwa ni sproketi ya nyuma, sproketi ya mbele na mnyororo wenyewe, na fundi ahakikishe tu kuwa sproketi mbili hizo ziko katika mstari mmoja. Baada ya hapo mwenyewe atarejea kwenye kazi ya kupaka mafuta kila wiki na kupambana na kutu ya bahari, lakini atafika kazini.

Ndugu yetu wa Durban, kwa muhtasari: usiku wa leo usisimame juu ya pedeli. Kesho mchana jaribu gia zote moja baada ya nyingine, pima mkazo, na upitishe kidole kwenye mgongo wa mkanda. Ukikuta mkanda umelegea tu na mgongo wake ni safi, ukaze na uanze kutafuta wa akiba. Ukikuta mstari wa kukunjika, usiutumie tena hata kwa safari moja. Ni heri kulipa nauli ya wiki 2 kuliko kuanguka mbele ya basi katika barabara ya Anton Lembede. Na fundi wa Warwick usimwepuke. Mwonyeshe namna mkanda unavyovishwa, kwa sababu mteja wake wa pili mwenye baiskeli kama yako huenda yuko njiani.